Wangapi, au Mara Ngapi?

Msimu wa kahawa unapoanza kwenye miteremko ya Kilimanjaro, mkulima hapeleki mavuno yake yote siku moja. Buni haziivi kwa pamoja. Leo atachuma zilizoiva, atazimenya, ataziosha na kuzianika. Baada ya wiki mbili atarudi kwenye mibuni ileile ya kihamba chake, yaani shamba lake la nyumbani, chini ya migomba. Kwa hiyo mizani ya chama cha msingi cha ushirika humwona mara nne, tano, pengine zaidi, na kila anapopimiwa karani huandika mstari mmoja.

Tuchukue daftari la mfano lenye mistari sita: Massawe kilo 12, Mushi 30, Massawe 18, Lyimo 25, Massawe 9, Mushi 14. Jumla ni kilo 108. Ukiiambia kompyuta ihesabu mistari, itajibu sita, na ukigawanya utaamini kila mkulima ameleta kilo 18. Watu wenyewe ni watatu, na wastani wa kweli ni kilo 36. Anayepanga kugawa miche kwa kufuata ile sita ataagiza ya wakulima ambao hawapo.

Katika SQL, lugha ya kuulizia hifadhidata, amri ya COUNT huhesabu mistari. Ikiongezwa DISTINCT, kila mhusika huhesabiwa mara moja tu, hata akitokea mara mia. Jambo hili tuliiteje kwa Kiswahili?

Tafsiri inayokuja haraka mdomoni ni "rekodi za kipekee". Naikataa. Cha kipekee ni kile kisicho na mwenzake, ndiyo maana twasema mandhari ya kipekee. Msomaji akiambiwa ahesabu majina ya kipekee katika daftari letu, ana haki ya kumchagua Lyimo peke yake, maana ndiye aliyeandikwa mara moja. Atapata mmoja, na jibu ni watatu. "Idadi tofauti" nayo haifai: inasikika kama idadi mbili zisizolingana.

Napendekeza "idadi bila marudio". Inataja kitendo chenyewe: marudio yaondolewe, kisha tuhesabu. Tena Kiswahili kilishatenganisha mambo haya zamani, kwani "wangapi?" ni swali moja na "mara ngapi?" ni jingine. Ripoti mbovu huulizwa wangapi ikajibu mara ngapi.

Kosa linalonisumbua zaidi liko chini ya ukurasa, kwenye jumla. Tuseme Julai walipimiwa Massawe, Mushi na Lyimo, na Agosti wakapimiwa Massawe, Mushi na Swai. Kila mwezi una idadi bila marudio ya watatu. Programu ikijumlisha tatu na tatu itachapa sita, ilhali wakulima wa miezi miwili ni wanne. Kilo hujumlishwa mwezi kwa mwezi bila shida. Watu sharti wahesabiwe upya kwa kipindi kizima.

Na bila marudio ya nini? Uchagani ukoo mmoja huweza kujaza kijiji, na majina ya ubatizo nayo hufanana. Ukihesabu kwa jina, wakulima wawili watageuka mmoja; karani akiandika Yohana leo na John kesho, au Massawe kwa s moja, mmoja atageuka wawili. Namba ya uanachama ndiyo ya kutegemea, ili mradi iandikwe kila mara. Ikiachwa wazi kila mara, COUNT yenye DISTINCT huiruka na mkulima huyo hupotea kabisa.

Hata neno "mwanachama" lataka uangalifu. KNCU, chama kikuu cha ushirika cha Kilimanjaro kilichoanzishwa Moshi mwaka 1933, ni muungano wa vyama vya msingi. Katika ngazi yake mwanachama ni chama; katika ngazi ya kijiji ni mtu.

Basi ndugu unayetengeneza ripoti, usiandike "Jumla ya wakulima" ukaishia hapo. Andika: "Wakulima, idadi bila marudio, kwa namba ya uanachama, Julai hadi Desemba."