Ungeishi Dar es Salaam ya Zama Zipi?

Miaka ya 1860, Sultani Majid bin Said alianza kujenga mji wake karibu na kijiji cha Mzizima. Alipofariki mwaka 1870, ujenzi ulizorota. Wajerumani walihamishia hapa makao makuu yao kutoka Bagamoyo mwaka 1891, wakaacha majengo ambayo bado yanapendeza machoni. Lakini uzuri huo haukuwa wa wote. Chini yao, na baadaye chini ya Waingereza, rangi ya mtu iliamua mtaa wake: Wazungu ufukweni, Wahindi katikati ya mji, Waafrika Kariakoo na Ilala.

Sisi tungechagua mwaka 1964, bila kusita. Uhuru ulikuwa bado mbichi. Chuo kikuu, kilichoanza mwaka 1961 na wanafunzi 14 wa sheria katika jengo la chama cha TANU Mtaa wa Lumumba, kilikuwa kinahamia Mlimani. Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika (OAU) ilikuwa na makao yake hapa, na FRELIMO, iliyoundwa jijini humu Juni 1962, ilianza vita vya kuikomboa Msumbiji Septemba 1964. Malcolm X, mwanaharakati Mweusi wa Marekani, alifika Oktoba. Jiji lilikuwa dogo. Mpigania uhuru na mchuuzi wa samaki walipishana barabara moja.

Amani haikuwa kamili. Januari mwaka huohuo askari wa kambi ya Colito ya hapa jijini waliasi, na miaka mitano baadaye, Februari 3, 1969, Eduardo Mondlane, rais wa FRELIMO, aliuawa hapa kwa bomu lililofichwa ndani ya kitabu.