Watoto wa Baba Mmoja: Deraya na Roboti katika Bubblegum Crisis

Katika Blade Runner, filamu ya Ridley Scott ya mwaka 1982, Pris ni roboti aliyeundwa kustarehesha wanaume. Deckard, mwindaji wa roboti, anampiga risasi, naye anakufa akitapatapa sakafuni. Miaka mitano baadaye jina hilo likaibukia Japani, katika Bubblegum Crisis. Priss Asagiri ni mwimbaji wa roki, bendi yake inaitwa Priss and the Replicants, na usiku huvaa deraya akaenda kupambana na roboti walioasi. Wajapani walichukua jina la mwindwa wakampa mwindaji. Mtu akitaka kujua walikopa nini Marekani na walikigeuza vipi, aanzie hapo.

Hadithi yenyewe ilitolewa kwa kanda za video, sehemu 8 kati ya 1987 na 1991. Ni Mega Tokyo ya mwaka 2032, jiji lililoinuka upya baada ya tetemeko kubwa la ardhi. Kampuni ya Genom inatengeneza na kuuza Boomer, roboti wa kazi nzito na, kwa siri, wa vita. Boomer akichachamaa, polisi hulemewa, ndipo wanapojitokeza Knight Sabers, wanawake wanne ndani ya deraya zenye nguvu za mashine, Priss akiwa mmoja wao. Sylia Stingray ana duka la nguo za ndani, Linna anafundisha mazoezi ya viungo, Nene ameajiriwa na polisi haohao. Kazi ya kupigana hulipwa; hawa si watawa.

Jambo zito ni asili ya deraya hizo. Aliyebuni Boomer ni Dakta Stingray, babake Sylia. Genom ilimwua ikamiliki uvumbuzi wake, na maarifa aliyomwachia bintiye ndiyo yaliyozaa deraya. Kwa hiyo silaha na adui wametoka katika kichwa kimoja. Hata maumbile yao yanatazamana: Boomer ni mashine iliyovikwa ngozi ya mtu, na ngozi hiyo inapasuka vita vinapoanza, shujaa ni mtu aliyevikwa ngozi ya mashine.

Ugomvi wa muumbaji na kiumbe chake ni wa zamani katika fasihi ya Ulaya. Katika R.U.R., tamthilia ya Karel Čapek iliyochezwa Prague mwaka 1921, Rossum mvumbuzi keshakufa na kiwanda kimebaki kwa mameneja. Roboti wanaasi, wanaua wanadamu, wanamwacha mtu mmoja tu, Alquist, kwa kuwa yeye hufanya kazi kwa mikono kama wao. Katika Blade Runner, roboti Roy Batty anamwendea muumbaji wake, Tyrell, hadi chumbani kwake kudai aongezewe maisha, anapokosa, anamwua. Huko kote, kiumbe ndiye mwenye deni la kudai. Japani nayo ilikuwa na baba wake. Katika Tetsuwan Atom, katuni aliyoanza kuichora Osamu Tezuka mwaka 1952, Dakta Tenma anaunda roboti, Atom, badala ya mwanawe aliyekufa ajalini, kisha anamtupa kwa sababu hakui. Atom halipizi kisasi. Anaendelea kuwa mwema katika dunia iliyomkosea. Bubblegum Crisis inafuata njia ya tatu: binti wa kumzaa ndiye anayebeba deni la baba, na kila Boomer anayeangushwa ni kazi ya mikono ya mzazi huyo.

Deni hilo linauma zaidi katika sehemu ya tano, ya mwaka 1988. Priss anapata rafiki, Sylvie, kwa mapenzi yao ya pikipiki. Hajui kwamba Sylvie ni roboti wa starehe aliyetoroka kutoka kituo cha angani pamoja na mwenzake Anri, na kwamba wanahitaji damu ili waishi. Wanapokutana vitani, Sylvie yumo ndani ya mtambo mkubwa wa kivita, Priss yumo ndani ya deraya yake. Ukiwatazama kwa nje, ni mashine mbili. Priss anamwua kwa mkono wake, akijua anamwua nani. Katika Blade Runner, Deckard alipompiga roboti mwingine, Zhora, risasi mgongoni, naye akaanguka akivunja vioo, tulimwona mwuaji amechoka na kununua chupa ya pombe. Priss anafiwa. Na sehemu inayofuata inamletea Anri, mwenye haki zote za kumchukia.

Zipo kasoro zinazoniudhi. Deraya zimebana miili na kuinuliwa kwa visigino virefu, na wachoraji hawakuficha kwamba walimchorea mwanamume atazame. Hadithi inayomlilia Sylvie kwa kugeuzwa chombo cha starehe ingejiheshimu zaidi kwa kuwaonea haya mashujaa wake.

Mwaka 1998 hadithi ilitungwa upya kwa televisheni, sehemu 26, kwa jina la Bubblegum Crisis Tokyo 2040. Humo adui mkuu, Galatea, ametokana na chembe za Sylia mwenyewe, na undugu uliokuwa chini kwa chini unatamkwa waziwazi. Ni kazi iliyopangika kuliko ile ya awali, ambayo mzozo wa washirika wake uliikatisha kabla haijamaliza yake. Bado naitetea ya awali. Galatea anazungumza kama mungu, na vita vyake ni vya kuamua hatima ya dunia nzima. Sylvie alitaka kuendesha pikipiki tu.