Baraza: Jiwe la Kukalia Lililoingia Ikulu

Tarehe 7 Februari 2008 Edward Lowassa alijiuzulu uwaziri mkuu wa Tanzania kwa sababu ya kashfa ya umeme wa Richmond, na Rais Jakaya Kikwete akalivunja Baraza la Mawaziri. Hakuna nyundo iliyotumika. Lakini pale Shangani au Malindi, Unguja, mwenye nyumba anayetaka kufungua duka mbele ya nyumba aliyoachiwa na babu yake huivunja baraza kwelikweli, kwa nyundo na tindo, na kifusi kikaondoka na mkokoteni. Matukio mawili, kitenzi kimoja, nomino moja, na msikilizaji wa Kiswahili hachanganyikiwi hata kidogo. Akichanganyikiwa, ngeli itamsaidia: watu wa pwani wakiwa na jiwe akilini husema baraza ya nyumba, ilhali serikali haijawahi kuwa na baraza ila la.

Ile ya nyundo ina mawe na chokaa. Katika Mji Mkongwe wa Zanzibar na katika mji wa Lamu, baraza hujengwa pamoja na ukuta wa mbele wa nyumba, kushoto na kulia kwa mlango. Mawe yake ni ya matumbawe, na chokaa inayoyashika imepatikana kwa kuchoma matumbawe hayohayo. Juu yake hupigwa lipu mpaka pakawa laini, kisha makalio ya vizazi kadhaa yakamalizia kazi ya fundi. Nyumba za mawe za Lamu za karne ya 18 zina pia daka, yaani sehemu ya kuingilia iliyorudi ndani ya ukuta, yenye viti vya mawe pande zote mbili. Mgeni mwanamume asiye wa nyumba hiyo hupokewa hapo. Akiwa na shauri zito zaidi hukaribishwa sebuleni; kupita hapo kwenda ndani si haki yake, kwa kuwa ndani kuna wanawake.

Kwa hiyo baraza ilikuwa njia ya mwenye nyumba kuwa mkarimu bila kufungua nyumba yake. Jirani, ndugu, muuza samaki, mwalimu wa chuo, hata mpita njia aliyechoka, wote waliweza kukaa. Masika yakijaza maji kwenye vichochoro vya Mji Mkongwe, baraza ziligeuka njia ya miguu, mtu akaruka kutoka ya nyumba hii hadi ya nyumba ile asilowe. Nyumba za udongo za Ng'ambo, upande wa pili wa mji, nazo hazikukubali kupitwa: zilijengewa baraza za udongo. Baadaye nyumba za Kiswahili za Kariakoo, Ilala na Magomeni, Dar es Salaam, zikaja na kibaraza chao mbele, chini ya bati, na hapo ndipo mitaa ya jiji hilo ilipofanyia mazungumzo yake.

Saa ya baraza ni baada ya alasiri, au baada ya isha. Muuza kahawa hufika na dele lake na vikombe visivyo na mkono, kahawa chungu, na kashata ya kuituliza. Bao hutandazwa, au dhumna, au karata. Mazungumzo hayana ajenda: mpira, bei ya mchele, msiba wa jana, tafsiri ya aya, safari ya mtoto wa fulani kwenda Muscat. Mwanafalsafa Mjerumani Kai Kresse alikaa na watu wa Mji wa Kale wa Mombasa akasikiliza mijadala yao, kisha mwaka 2007 akachapisha kitabu kinachodai kwamba wanachokifanya washairi na wanazuoni wa huko ni falsafa kamili. Wazee wa barazani hawangeshangaa. Wangeshangaa kwamba ilihitaji kitabu.

Lakini si vyema kuipamba kupita kiasi. Baraza hii ya ukarimu ilikuwa ya wanaume. Mwanamke alipita mbele yake kwa hatua za haraka, akijua kwamba macho yote yamemwona na kwamba jina la baba yake limeshatajwa kabla hajafika kwenye kona. Soga za wanawake zilikuwa uani na ukumbini. Palikuwa na habari nyingi zaidi huko, kwa maoni ya wengi, ila mahali hapo hapakupata kuipa serikali hata jina la kamati.

Jina lenyewe lina undugu na Uarabuni. Mzizi wa Kiarabu wa neno barza unahusu kutokeza, kujitokeza mbele ya watu, na katika ngome za Oman chumba alichoketi liwali kusikiliza raia huitwa barza mpaka leo. Mtu anayependa kucheza na maneno ataona kwamba maana zote mbili zinaingia humo: jiwe limetokeza ukutani, mtawala ametokeza mbele ya watu. Seyyid Said bin Sultan alipohamishia makao yake Unguja, katika nusu ya kwanza ya karne ya 19, alihamia na desturi hiyo ya kutokeza. Binti yake Salme, aliyeolewa na Mjerumani akajulikana kama Emily Ruete, aliieleza barza ya baba yake katika kumbukumbu alizochapisha Ujerumani mwaka 1886.

Hata hivyo, kukaa kwenyewe kulikuwako pwani karne nyingi kabla ya Wabusaidi, ukoo wa Seyyid Said. Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa lililojengwa mwanzoni mwa karne ya 14, kuna ua uliozungukwa na ngazi za kukalia. Gedi nako, karibu na Malindi ya Kenya, magofu ya jumba la mtawala yana ua wenye viti vya mawe, ambapo waliokuja kwa shauri walisubiri. Waomani walilileta neno la enzi mahali ambapo watu walishazoea kukaa juu ya mawe na kuamua mambo.

Mpaka hapo, mkubwa na mdogo wanakaa takriban kimo kimoja. Jiwe halina mguu wa kurefusha. Mambo yalibadilika neno lilipopanda bara na Waingereza.

Sheria ya wakuu wa vijiji ya mwaka 1902 iliipa serikali ya kikoloni ya Kenya uwezo wa kuwateua watu wa kuwa machifu, hata kwa jamii ambazo hazikuwa na machifu kamwe. Chifu alihitaji mahali pa kuwaambia watu alichoambiwa na Bwana DC, yaani mkuu wa wilaya, na mahali hapo pakaitwa baraza. Huko bara hapakuwa na matumbawe wala chokaa. Palikuwa na mti na uwanja. DC alikaa kwenye kiti, chifu alikaa kando yake, na wananchi walikaa majanini. Kodi ya kibanda ilitangazwa hapo, na baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia habari za kipande, kitambulisho cha kazi cha Waafrika, zikafika kwa njia hiyohiyo. Tofauti na ile ya Lamu haikuwa ya mawe tu. Lamu mtu alikwenda barazani kwa kupenda na akaondoka alipochoka. Baraza la chifu liliitishwa, na asiyefika alikuwa na la kueleza.

Serikali ya uhuru ililirithi kama lilivyo. Kwa miongo mingi ya Kenya huru, Mkenya aliposema anakwenda barazani alimaanisha kwamba chifu au DO, ofisa wa tarafa, ameita watu, na Wakenya wameliingiza neno hilo hata katika Kiingereza chao, bila kulitafsiri. Sheria ya Machifu ilisalia na makali yake hadi mageuzi ya mwaka 1997 yalipoyapunguza.

Mwaka 1939 neno lilipata kazi ya aina nyingine kabisa Nairobi. Kampuni ya East African Standard, iliyokuwa ya walowezi, ilianzisha gazeti la Kiswahili la kila wiki na kuliita Baraza. Jina lilichaguliwa kwa akili. Liliahidi kwamba msomaji ataweza kukaa na kusema na wengine, na barua za wasomaji na mashairi yaliyotumwa kutoka kila upande wa Afrika Mashariki yalilitimiza hilo kwa kiasi fulani, ingawa mwenye nyumba hakuwa mmoja wao.

Wakati huohuo bunge la kikoloni lilikuwa limeitwa Baraza la Kutunga Sheria. La Kenya lilianza mwaka 1907, la Tanganyika na la Zanzibar mwaka 1926. Yalikuwa mabaraza ambayo wenyeji wengi wa nchi hawakuwa na pa kukaa. Kenya ilisubiri hadi mwaka 1944 ndipo Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, akaingia. Tanganyika hadi mwaka 1945, walipoteuliwa machifu Kidaha Makwaia na Abdiel Shangali. Hapo ndipo maana ya neno ilipofika mbali zaidi na mlango wa nyumba: chumba chenye kanuni, cha wachache.

Uhuru haukulirudisha mlangoni. Uliliongezea ofisi. Tanzania ilipata Baraza la Kiswahili la Taifa kwa sheria ya mwaka 1967, Baraza Kuu la Waislamu, BAKWATA, mwaka 1968, na Baraza la Mitihani la Taifa kwa sheria ya mwaka 1973. Herufi BA zinazoanza vifupi vya taasisi kama hizi zina jiwe la Lamu ndani yake. Zanzibar, Mapinduzi ya tarehe 12 Januari 1964 yalileta Baraza la Mapinduzi, ambalo ndilo lililotunga sheria mpaka Baraza la Wawakilishi lilipokutana kwa mara ya kwanza Januari 1980. Kwa hiyo kwa miaka 16 hivi, kisiwa chenye baraza nyingi za kukalia kuliko pengine popote Afrika Mashariki kilitawaliwa na baraza moja lisilochaguliwa na wapiga kura.

Wale wa kwenye mawe hawakunyamaza, hasa vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Jaws Corner, njia panda ya Mji Mkongwe iliyopewa jina la filamu ya papa, ikawa maarufu kwa kahawa na kwa siasa za upinzani. Wafuasi wa CCM, chama tawala, wakawa na maskani zao, na ile ya Kisonge pale Michenzani ilijulikana kwa maneno makali yaliyoandikwa kwenye ubao wake. Dar es Salaam vijana waliliacha neno la wazee wakachukua kijiwe, na hawakwenda mbali nalo. Nalo ni jiwe.

Magharibi zaidi, Kongo, neno lilikwenda likiwa limebeba maana ya nyumba tu. Wabelgiji walilichukua wakaliita barza, likawa varanda, hata katika Kifaransa cha huko. Ile maana ya kikao ilionekana tena Goma mwishoni mwa miaka ya 1990, ilipoundwa Barza ya jamii mbalimbali za Kivu Kaskazini, wawakilishi wa makabila wakikaa pamoja kutuliza ugomvi kabla haujawa vita.

Huenda mahali ambapo neno limekaa karibu zaidi na asili yake ni sheria za Tanzania, jambo ambalo si wengi wangelitegemea. Washauri wanaokaa na hakimu au jaji mahakamani huitwa wazee wa baraza. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka wanandoa, isipokuwa katika hali maalumu, wapeleke ugomvi wao kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuomba talaka mahakamani. Mabaraza ya Kata yaliundwa kwa sheria ya mwaka 1985, na baada ya sheria ya mwaka 2002 yakawa yanaamua migogoro midogo ya ardhi: mpaka uliosogezwa, njia ya ng'ombe iliyolimwa, shamba lililouzwa na mtu asiye wake. Waliokaa humo walikuwa majirani, si wanasheria, na hilo ndilo lililokuwa lalamiko kubwa dhidi yao. Mwaka 2021 Bunge liliwaondolea mamlaka ya kuamua mashauri ya ardhi. Kazi yao sasa ni kusuluhisha: kuwakalisha wagomvi, kuwasikiliza, na wakishindwa kupatana ndani ya siku 30, kuwaachia njia ya kwenda kwenye Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya.