Kuisoma ramani ya Katavi: mkoa, maji na mipaka ya ardhi yako

Ukifungua ramani ya Tanzania iliyochapishwa kabla ya mwaka 2012, Mkoa wa Katavi hutauona. Utaona Rukwa, mkoa mrefu ulioanzia mpaka wa Zambia na kupanda hadi kukutana na Kigoma na Tabora, na ndani yake Wilaya ya Mpanda. Ramani za aina hiyo bado zimebandikwa katika madarasa na ofisi. Ndiyo maana mtoto anaweza kurudi nyumbani akasema tunaishi Rukwa, mzazi akakataa, na kila mmoja akawa na sababu yake.

Katavi ilianzishwa rasmi kuwa mkoa Machi 2012, pamoja na Geita, Njombe na Simiyu. Katika makala haya tunaieleza ramani ya mkoa wetu kwa msikilizaji mwenye simu mkononi na shamba ambalo lazima ajue linaishia wapi.

Tuanze na ukubwa, kwa sababu hapo wengi hushangaa. Katavi ina zaidi ya kilomita za mraba 45,000. Rwanda nzima ina kilomita za mraba 26,338, na Burundi ina 27,834. Kwa hiyo mkoa wetu ni mkubwa kuliko kila moja ya nchi hizo mbili. Tofauti iko kwa watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 1,152,958 Katavi, wakati Rwanda mwaka huohuo ilikuwa na zaidi ya milioni 13. Lakini usilale usingizi kwa kudhani nafasi ni tele. Sensa ya 2012 ilihesabu watu 564,604 tu katika eneo hilihili. Ndani ya miaka kumi tumeongezeka zaidi ya maradufu, na ardhi haijaongezeka hata hatua moja. Tena sehemu kubwa ya eneo hilo ni hifadhi na misitu, ambako mtu haruhusiwi kulima wala kujenga.

Majirani zetu ni hawa: Kigoma upande wa kaskazini, Tabora kaskazini-mashariki na mashariki, Songwe kusini-mashariki, na Rukwa kusini. Magharibi ni Ziwa Tanganyika, na ng'ambo yake ni Kongo. Mkoa una wilaya tatu, yaani Mpanda, Mlele na Tanganyika. Halmashauri ni tano: Manispaa ya Mpanda na Nsimbo ziko Wilaya ya Mpanda, Mlele na Mpimbwe ziko Wilaya ya Mlele, na Wilaya ya Tanganyika ina halmashauri yake moja.

Majina ndiyo yanayotuchanganya. Mtu akisema "Mpanda" anaweza kuwa na maana ya mji, au wilaya ya sasa, au ile Mpanda ya zamani iliyokuwa karibu mkoa mzima wa leo. "Katavi" ni mkoa, ni hifadhi ya taifa, ni ziwa dogo lililo ndani ya hifadhi hiyo, na wazee wanalo pia kama jina la mzimu anayeheshimiwa kwenye mkwaju karibu na ziwa hilo. "Tanganyika" nayo ni ziwa, ni wilaya, na ni jina la nchi yetu kabla ya Muungano. Kwenye hati ya zamani ya shamba au cheti cha kuzaliwa, angalia mwaka kwanza ndipo usome jina la mahali. Kijiji kilichoandikwa "Wilaya ya Mpanda, Mkoa wa Rukwa" leo kinaweza kuwa Mlele au Tanganyika, na hakijasogea popote.

Maji yanaelekea wapi

Ukitaka kuielewa ramani ya Katavi haraka, acha mistari ya wilaya na ufuate mito. Mkoa huu unamwaga maji pande mbili zisizokutana kamwe. Mvua inayonyesha kaskazini na kuingia Mto Ugalla inakwenda Malagarasi, kisha Ziwa Tanganyika. Kutoka ziwani inatoka kwa Mto Lukuga upande wa Kongo, inaingia Mto Kongo, na mwisho wake ni Bahari ya Atlantiki. Safari hiyo inavuka nusu ya Afrika.

Maji ya Mto Katuma yana safari nyingine. Yanapita kwenye mbuga za Hifadhi ya Katavi, yanajaza maziwa ya Katavi na Chada, yanaungana na Kavuu na kuishia Ziwa Rukwa. Ziwa Rukwa halina mto unaotoka. Maji yakifika pale hukaa, na jua ndilo linalopunguza. Kwa hiyo kila ndoo inayozuiwa juu ya Katuma, iwe kwa ajili ya mpunga au bustani, ni ndoo isiyofika chini, na hakuna mto mwingine wa kuifidia. Wanaoishi Mpimbwe wanalijua hili kuliko sisi tulio mjini, na viboko wa hifadhini wanalijua zaidi, maana kiangazi hujazana kwenye madimbwi machache yaliyobaki.

Hapa kuna jambo la kuangalia kwenye ramani. Mto uliochorwa kwa mstari wa buluu usiokatika una maji mwaka mzima. Uliochorwa kwa vipande vipande ni wa msimu. Ramani ya simu mara nyingi haitofautishi, inachora buluu tu. Mgeni anayepanga safari ya mifugo mwezi wa tisa kwa kufuata buluu ya simu anaweza kukuta mchanga mtupu.

Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa yote yamelala kwenye Bonde la Ufa. Tanganyika lina urefu wa kilomita 670 hivi na kina cha mita 1,470 sehemu ya chini kabisa. Ni la pili kwa kina duniani, baada ya Baikal la Urusi. Chemchemi zilizolipa Majimoto jina lake zinatokana na ufa huohuo: ardhi imepasuka na joto la chini linapanda na maji.

Ramani iliyochorwa kwa masikio

Kabla wapimaji hawajafika, wenyeji na watu wa misafara walikuwa na ramani zao kichwani. Walijua siku ngapi kutoka wapi hadi wapi, wapi kuna maji, wapi hongo ni kubwa. Wamisionari wawili wa Kijerumani waliokaa pwani, Rebmann na Erhardt, waliwauliza wafanyabiashara hao kuhusu bara na wakachora walichosikia. Ramani yao ilipooneshwa London mwaka 1856, ilikuwa na ziwa moja kubwa mno katikati ya Afrika, lenye umbo la konokono asiye na gamba. Watu wakacheka. Lakini wasimuliaji hawakudanganya. Msafara wa kusini ulisema mwisho wa njia kuna ziwa, wa katikati ukasema hivyo, na wa kaskazini pia. Yalikuwa maziwa matatu: Nyasa, Tanganyika na lile linaloitwa sasa Victoria. Mchoraji ndiye aliyeyaunganisha. Burton na Speke walipofika Ujiji Februari 1858, ndipo ziwa hilo moja lilipoanza kugawanyika kwenye karatasi.

Karema, kwenye mwambao wetu, ina sehemu yake katika hadithi hii. Mwaka 1879 Wabelgiji wa chama cha Mfalme Leopold walijenga kituo pale, wakitaka mlango wa kuingilia Kongo. Mataifa ya Ulaya yalipogawana Afrika, ziwa likafanywa mpaka: magharibi ya Leopold, mashariki ya Wajerumani. Karema ikabaki upande usio wa Wabelgiji, na mwaka 1885 wakawaachia kituo Mapadre Weupe. Mstari uliochorwa Ulaya na watu ambao hawajawahi kuona dagaa wa Tanganyika ndio unaofanya safari ya leo kutoka Karema kwenda Moba au Kalemie kuwa safari ya nchi za nje.

Reli nayo iliandikwa kwenye ramani kwa sababu ya madini. Tawi la kutoka Kaliua hadi Mpanda, kilomita 210 hivi, lilijengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 ili kuchukua risasi kutoka mgodi wa Mukwamba. Mgodi ukafungwa, reli ikabaki na mji ukabaki nayo. Baadaye yakaongezeka makazi ya Katumba na Mishamo, yaliyofunguliwa katika miaka ya 1970 kwa wakimbizi kutoka Burundi. Ramani ya kabla ya hapo inaonesha miombo mitupu mahali ambapo leo kuna shule, masoko na mashamba ya tumbaku na mahindi. Mwaka 2014 zaidi ya watu 160,000 wa makazi hayo mawili na Ulyankulu ya Tabora walikamilisha safari ya kupewa uraia wa Tanzania.

Mstari unaokuhusu wewe

Sasa tufike kwenye mipaka ya ardhi, maana hapa ndipo ramani inaweza kumpeleka mtu mahakamani. Sheria za ardhi za mwaka 1999 zinagawa ardhi ya Tanzania katika mafungu matatu: ardhi ya kijiji, ardhi ya hifadhi, na ardhi ya jumla. Kwa macho, mafungu hayo hayatofautiani. Mti wa mninga wa kijijini na wa hifadhini ni uleule, na ng'ombe hajui kigingi.

Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilianzishwa mwaka 1974 na ina kilomita za mraba 4,471. Ndani ya hifadhi ya taifa hakuna kulima, kuchunga wala kujenga. Kwenye msitu wa hifadhi zipo shughuli zinazoweza kuruhusiwa kwa kibali. Kwa hiyo haitoshi kujua kwamba "kule ni hifadhi". Inabidi ujue ni hifadhi ya aina gani. Na aina inaweza kubadilika mstari ukiwa palepale. Ugalla ilikuwa pori la akiba hadi mwaka 2019, ilipopandishwa na kuwa Hifadhi ya Taifa ya Mto Ugalla. Mtu aliyetunza kumbukumbu ya masharti ya zamani ana kumbukumbu isiyomsaidia tena.

Upande wa pili, mstari uliochorwa vizuri unaweza kuwa mali. Vijiji 8 vya Wilaya ya Tanganyika, katika eneo la misitu ya Ntakata, vinapata fedha za hewa ukaa kwa kutunza misitu yao, na fedha hizo zimejenga madarasa na zahanati. Hilo liliwezekana kwa sababu msitu uko ndani ya ardhi ya kijiji inayojulikana mipaka yake, wenye mpango wa matumizi ya ardhi uliopitishwa na mkutano mkuu. Kijiji ambacho hakijui kinaishia wapi hakiwezi kumuuzia mtu chochote kilicho mpakani.

Simu inasaidia kiasi gani? Simu nyingi za kupangusa hupokea mawimbi ya setilaiti hata pasipo mtandao wala bando. Kinachohitaji bando ni picha ya ramani, na hiyo unaweza kuipakua ukiwa mjini ukaitumia porini. Ukibonyeza mahali kwenye ramani utaona namba mbili. Mjini Mpanda zinakaribia -6.34 na 31.07. Ya kwanza ni latitudo. Alama ya kutoa inamaanisha kusini mwa ikweta, na ukiisahau utajikuta Sudan Kusini. Ya pili ni longitudo. Nyuzi moja ni kama kilomita 111. Karema iko karibu na -6.82 na 30.44, kwa hiyo kutoka Mpanda ni kama kilomita 87 angani. Barabara inazunguka, usitegemee kutumia mafuta ya kilomita 87.

Tarakimu ya tatu baada ya nukta ni kama mita 111, ya nne ni mita 11, ya tano ni mita moja. Simu inaweza kukuandikia hata tarakimu sita, lakini yenyewe hukosea kwa mita kadhaa, na chini ya miti mikubwa hukosea zaidi. Inatosha kukuambia kwamba uko karibu na mpaka. Haitoshi kuamua ugomvi wa jirani na jirani.

Kinachoamua ni ramani ya upimaji na bikoni zilizowekwa. Cheti cha ardhi ya kijiji na ramani yake vinatakiwa kuonekana ofisi ya kijiji, na nakala iko idara ya ardhi ya halmashauri. Unaweza kwenda kuomba kuviona, ni haki yako kama mwanakijiji. Ukifika, tazama kwanza kipimo kilichoandikwa pembeni. Ikiwa ni 1:50,000, sentimita 2 za rula ni kilomita 1 ya ardhi. Tafuta kitu usichoweza kukikosa, kama makutano ya mito au daraja, kisha pima kutoka hapo hadi shambani kwako. Muulize mtendaji mambo mawili: ramani ilipimwa mwaka gani, na kama vijiji jirani vilisaini kukubali mpaka. Kama jirani hakusaini, mstari huo bado una mazungumzo, na ni afadhali ulijue hilo kabla ya kufyeka.