Barabara ya Mukendo: Maduka Yaliyofuata Mzigo

Mji wa Musoma uko pembeni. Basi la Mwanza linalokwenda Sirari, kwenye mpaka wa Kenya, haliupitii; abiria wa Musoma huacha barabara kuu na kukata kushoto kuelekea ziwani. Lakini waliofungua maduka ya mwanzo hapa hawakuja kwa barabara. Walikuja kwa meli, na wakati huo Musoma ilikuwa mlangoni hasa.

Reli ya Uganda ilifika Kisumu mwaka 1901. Tangu hapo mzigo wa Mombasa ulipakuliwa kwenye treni na kupakiwa melini, na bandari za Ziwa Victoria zikawavuta wafanyabiashara, wengi wao Wahindi wenye asili ya Gujarat. Tajiri mkubwa kuliko wote alikuwa Allidina Visram, aliyefariki mwaka 1916, ambaye matawi yake yalitapakaa kandokando ya ziwa. Nyuma yake walifuata wadogo, walioanza kwa kukopeshwa bidhaa na matajiri wa aina yake. Waingereza walipoifanya Musoma makao ya wilaya, maduka yakawa na sababu ya kubaki.

Duka la zama hizo lilikuwa pia ghala na nyumba ya kuishi. Paa la bati, baraza mbele, familia uani. Ndani kulikuwa na mizani, magunia ya chumvi na sukari, majembe, mafuta ya taa, na majora ya amerikani na kaniki yamepangwa hadi darini. Barazani alikaa fundi cherehani. Mteja alinunua kitambaa ndani, akapimwa nje, jioni akarudi kuchukua nguo yake. Wengi hawakuja na shilingi mkononi. Walikuja na ngozi za ng'ombe na samli, kwa kuwa mkoa huu wa Mara ni nchi ya wafugaji. Mwenye duka alinunua kwa bei yake na kuuza kwa bei yake, na mizani ilikuwa ya kwake pia. Manung'uniko yalianzia hapo. Baadaye pamba na mishahara ya machimbo ya dhahabu kama Buhemba vilizidisha fedha mkononi mwa watu, na maduka yakanenepa.

Mwaka 1934 mtoto wa Chifu Burito wa Wazanaki alitoka Butiama, mwendo wa kilomita arobaini hivi, kuanza darasa la kwanza katika Shule ya Mwisenge mjini Musoma. Huyo ndiye Julius Nyerere. Hakuna mtu aliyeyageuza maduka ya Musoma zaidi yake, ingawa aliyafanya hayo akiwa Rais, huko Dar es Salaam, na kwa ajili ya nchi nzima.

Azimio la Arusha, la kuweka njia kuu za uchumi mikononi mwa umma, lilitangazwa Februari 1967. Aprili 1971 sheria ikataifisha majengo ya kupangisha yenye thamani ya zaidi ya shilingi 100,000, na yaliyozidi umri wa miaka kumi hayakulipiwa fidia. Katika miji yote nchini, waliokuwa wenye nyumba walijikuta wapangaji wa Msajili wa Majumba, aliyekabidhiwa majengo hayo, na Wahindi wengi wakafunga virago. Biashara ya jumla ikashikwa na kampuni za biashara za mikoa, zile RTC. Mwaka 1976 ikaja Operesheni Maduka, iliyotaka maduka ya watu binafsi yapishe ya vijiji na ya ushirika. Nia ilikuwa kumwondoa yule mwenye mizani. Aliondoka, lakini sukari nayo ikaondoka, watu wakapanga foleni.

Musoma ilipata pigo la pili ambalo miji iliyo mbali na mpaka haikulipata. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika mwaka 1977 na mpaka wa Kenya ukafungwa hadi 1983. Njia ya Kisumu, iliyouzaa mji, ikazibwa. Sabuni na mafuta ya kupikia vikawa vya magendo, vikipita njia za panya.

Mlango ulipofunguliwa tena, haukuwa ule wa zamani. Bajeti ya 1984 iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuingiza bidhaa, na Rais Mwinyi akaendeleza ruksa hiyo tangu 1985. Mitumba ikajaa. Katika miaka hiyohiyo ya 1980 daraja la Kirumi likajengwa juu ya Mto Mara, malori ya Sirari yakateremka hadi Mwanza bila kusubiri kivuko. Faida ya kwanza iliangukia Bunda, ambayo imekaa juu ya barabara yenyewe: hoteli, gereji, maduka ya jumla. Musoma ikabaki na mitumbwi ya mwalo wa Mwigobero, kivuko cha kwenda Kinesi, na wateja wa ofisi za mkoa.

Hata hivyo Mukendo, barabara ya maduka ya Musoma, haikufa. Leo wenye maduka ni Wajita, Wakurya, Wajaluo, Wachaga, na Wahindi waliobaki. Wanauza simu, vipuri vya bodaboda na vitenge vinavyotoka Kariakoo kwa lori.

Tumezoea kubishana kama ni Azimio lililoua biashara au ni Wahindi walioinyonya. Mukendo inaonyesha kwamba sera ilibadilisha nani akae nyuma ya kaunta, lakini kilichoamua ukubwa wa duka ni njia ya mzigo. Kuurudisha mji huu kwenye biashara kubwa kunahitaji bandari inayofanya kazi kabla ya kuhitaji soko jipya.