Mtunzi Asiye na Maneno: Richard Wright wa Pink Floyd

Sisi wanafunzi wa fasihi tuna mazoea yetu. Tukipewa wimbo tuuhakiki, tunanakili mashairi yake, tunachambua tamathali na dhamira, basi, kazi imekwisha. Nami nimefanya hivyo mara nyingi. Aliyenitia mashaka ni Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi ya roki ya Uingereza, Pink Floyd.

Wright alizaliwa mwaka 1943. Alikutana na Roger Waters na Nick Mason mwaka 1962 katika Regent Street Polytechnic, London, wakisomea usanifu wa majengo. Syd Barrett, mtunzi wao mkuu wa mwanzo, alipoondoka mwaka 1968, Waters akashika kalamu polepole, hata maneno yote ya albamu ya The Dark Side of the Moon (1973) yakawa yake.

Sasa mhakiki anayesoma maneno tu atamwona Waters peke yake. Lakini hebu tuutazame wimbo wa "Us and Them". Muziki wake Wright aliutunga kwa ajili ya filamu ya Antonioni, Zabriskie Point (1970), na mwongozaji akaukataa. Maneno kuhusu vita na utengano yalikuja baadaye. Je, majonzi yale ni ya nani? Kwa maoni yangu, Waters alifafanua tu kile ambacho kinanda kilikwisha kusema. Tunafundishwa kwamba katika fasihi simulizi utendaji ni sehemu ya utungo. Mbona tukifika kwenye santuri tunasahau?

Kuna na "The Great Gig in the Sky", wimbo kuhusu kifo ambao hauimbwi neno hata moja. Hapo nilidhani nimepata ushahidi wa kumtetea Wright. Kumbe! Sauti inayolia humo ni ya Clare Torry, aliyelipwa pauni 30 mwaka 1973, na kwa miaka zaidi ya thelathini utunzi ukaandikwa jina la Wright pekee. Torry alikwenda mahakamani mwaka 2004. Mwaka uliofuata wakapatana, na tangu hapo majina yao huandikwa pamoja. Basi huyu niliyemwona mnyonge naye alikuwa amesimama juu ya bega la mwingine.

Katika Animals (1977) jina la Wright halimo kabisa miongoni mwa watunzi. Mwaka 1979, The Wall ikirekodiwa, Waters alishinikiza atolewe, naye akabaki kupiga kinanda kwenye maonyesho kama mwajiriwa wa mshahara. Maonyesho yale yalipata hasara, wenye bendi wakaibeba wao. Mwajiriwa akachukua chake. Jamani!

Alirudi mwaka 1987, Waters akiwa ameshaondoka. Katika The Division Bell (1994) alishiriki kutunga nyimbo tano, na "Wearing the Inside Out" akauimba mwenyewe. Hata huo, maneno ni ya Anthony Moore.

Wright alifariki tarehe 15 Septemba 2008. Miaka sita baadaye wenzake walitoa The Endless River, iliyojengwa kwa sehemu kubwa kutokana na yale waliyopiga naye walipoandaa albamu ya 1994. Karibu yote ni ala tupu. Nimejaribu kuiandikia uhakiki kwa ule mtindo wetu; karatasi iko hapa mbele yangu, ina kichwa tu.