Vumbi la Mafia

Anayeunda modeli za ndege za kivita ana kazi mbili zinazopingana. Ya kwanza ni kupaka rangi vizuri: mkono wa kwanza mwepesi, wa pili juu yake, bila michirizi. Ya pili ni kuiharibu rangi hiyohiyo kwa makusudi, ili ndege ionekane imeruka, imepigwa na jua na kumwagikiwa mafuta. Kazi hii ya pili naiita uchakazaji, nami naipenda kuliko ya kwanza, kwa sababu kila doa ni dai la kihistoria. Ukipaka masizi nyuma ya bomba la moshi, umesema injini hii ilifanya kazi saa nyingi. Ukikwangua rangi karibu na kiti cha rubani, umesema watu walipanda na kushuka hapa mara kwa mara. Dai hilo linaweza kuwa kweli au uongo, sawa na sentensi yoyote ya kitabu cha historia.

Ndege ninayoizungumzia ni Caudron G.III ya Kifaransa. Bawa lake la juu lilikuwa na urefu wa meta 13.4. Kwa kipimo cha 1:72 linabaki sentimita 18.6, haifiki hata shibiri. Ndege mbili za aina hii, pamoja na mbili za aina ya Henri Farman, zililetwa na Waingereza kisiwani Mafia mwezi Juni 1915. Kazi yao ilikuwa moja tu: manowari ya Kijerumani, SMS Königsberg.

Alfajiri ya tarehe 20 Septemba 1914, Königsberg iliishambulia manowari ya Kiingereza, HMS Pegasus, ikiwa imetia nanga Zanzibar, na kuizamisha. Baadaye ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, injini zake zikihitaji matengenezo. Waingereza waliigundua mwishoni mwa Oktoba, lakini kujua ilipo hakukutosha. Meli zao kubwa hazikuweza kupita kwenye mikono ile ya mto yenye kina kifupi, na kingo zake zilikuwa na askari na mizinga. Mikoko iliziba kila kitu. Königsberg yenyewe ilikuwa imefunikwa kwa matawi ya miti. Aliyetaka kuiona ilimbidi aitazame kutoka juu.

Hapo ndipo ndege zilipoingia, na hapo ndipo uchakazaji wa kweli ulipoanza. Mwishoni mwa 1914 rubani wa kiraia, Dennis Cutler, alikodiwa kutoka Afrika Kusini pamoja na ndege ya Curtiss ya kutua majini. Aliiona manowari, lakini mwezi Desemba aliangukia mikononi mwa Wajerumani. Februari 1915 zikaja Sopwith mbili, nazo zikashindwa hata kabla ya kupigwa risasi. Hewa ya moto ni nyepesi, kwa hiyo bawa hupata nguvu ndogo ya kupaa na injini hupoteza nguvu. Ndege iliyoweza kuruka vizuri katika baridi ya Uingereza ilihangaika hapa kujinasua majini. Gundi iliyoshikilia mbao nayo ikaachia kwa joto na unyevu. Zilizofuata, za aina ya Short, zilifanikiwa kuipiga picha Königsberg mwezi Aprili, lakini hata hizo zilisumbuliwa na hali ya hewa ileile.

Nikiwa na historia hiyo mezani, nililazimika kuamua mambo matatu kabla ya kufungua kopo la rangi.

La kwanza ni ngozi ya ndege. Waunda modeli wengi wamezoea kudondoa vidoa vya rangi ya fedha kwa kipande cha sponji, kuonyesha mahali rangi ilipobanduka. Mtindo huo umetokana na ndege za Vita Kuu ya Pili, ambazo nyingi zilikuwa na ngozi ya aluminiamu. Za Wajapani visiwani Pasifiki zilifika hatua ya kubanduka rangi kwa mabaka makubwa. Lakini Caudron ilikuwa na mifupa ya mbao iliyovishwa kitambaa cha kitani, kikapakwa lakiri ya selulosi ili kikaze. Ukikikwangua kitani hukuti fedha; unakuta kitani. Kwa hiyo nilianza na rangi ya krimu, kisha nikapitisha kahawia nyepesi iliyozimuliwa kwa tineri juu ya kila ubavu wa mbao, kama unavyoonekana kitambaa kikiwa mbele ya jua. Doa kubwa nililiweka kuzunguka injini. Caudron nyingi zilikuwa na injini ambayo silinda zake huzunguka pamoja na rafadha, na injini za namna hiyo zililainishwa kwa mafuta ya mbarika yaliyotumika mara moja tu na kutupwa nje. Hayo mafuta hurukia mwili wa ndege, hukauka, hukamata vumbi. Rangi yake ni njano inayoelekea kahawia, kama chai iliyosahaulika kikombeni.

La pili ni kalenda. Ndege zilifika Juni. Manowari iliangamizwa tarehe 11 Julai. Huo ni muda wa majuma machache. Nikiipausha Caudron yangu kana kwamba imeanikwa juani miaka mitatu, nitakuwa nimeiandikia maisha ambayo haikuyaishi. Pia masika yalikuwa yamepita na upepo wa kusi umeshika, kwa hiyo matope mazito ya magurudumuni nayo sikuyaona yana haki ya kuwepo. Ilistahili kuonekana mpya iliyoteswa haraka, na hiyo ni ngumu kupaka kuliko kuukuu.

La tatu ni udongo. Mtu akiunda chombo chochote cha vita kilichotumika Afrika, mkono wake huenda wenyewe kwenye unga wa rangi ya matofali. Afrika nzima huwa na vumbi moja jekundu. Lakini Mafia ni kisiwa cha matumbawe na mchanga wa pwani. Nilichanganya unga mweupe, kijivu kidogo na chembe ya njano, nikaupuliza chini ya mbawa na kwenye spoki za magurudumu. Mwenzangu mmoja wa kazi hii alipoitazama alisema haionekani kama ndege ya Afrika. Mfanye mtu asikie jina la Rufiji, nilimjibu, halafu umwulize ameona nini kichwani.

Mwisho wa hadithi ya vita unajulikana. Meli mbili za mizinga zenye vitako bapa, Severn na Mersey, zilizokuwa zimejengwa kwa ajili ya mito ya Brazili, ziliingia deltani tarehe 6 Julai na kushindwa. Zilirudi tarehe 11. Angani, rubani John Cull na mwenzake Arnold walizielekeza kwa simu ya upepo: mbele kidogo, kushoto, papo hapo. Ndege yao ilipigwa na injini ikazimika, na wakati inashuka Arnold aliendelea kutuma masahihisho. Waliangukia mtoni karibu na Mersey, wakaokolewa. Nahodha Max Looff aliamuru meli yake ilipuliwe.

Lakini mizinga kumi ya Königsberg haikufa. Ilitolewa majini, ikavutwa kwa mikono ya Waafrika hadi Dar es Salaam, ikawekewa magurudumu, na kuendelea kupigana nchi kavu chini ya Paul von Lettow-Vorbeck. Mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, mwingine Pretoria. Walioivuta hawana mnara wenye majina yao. Pande zote mbili zilibebwa na wapagazi, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na njaa. Kumbukumbu yao kubwa Dar es Salaam ni jina la soko: Kariakoo, matamshi yetu ya jina la Kiingereza la kikosi chao, kilichopiga kambi pale baada ya mji kutekwa mwaka 1916.

Hapa ndipo uchakazaji unapofika ukomo wake. Rangi inaweza kusema injini ilivuja mafuta. Haiwezi kusema nani alikata vichaka ili ndege ipate pa kutua, wala nani alishusha masanduku yake kutoka melini. Mkono wa mtu hauachi doa juu ya kitani kama mbarika.

Kwa hiyo nilishughulikia kitako kinachobeba modeli. Juu ya mchanga wake, kando ya mistari miwili ya magurudumu, nilichoma kwa ncha ya sindano alama za nyayo zisizo na viatu. Unyayo wa sentimita 25, kwa kipimo cha 1:72, ni milimita 3 na nusu. Ni nyingi, zinakwenda na kurudi, na baadhi zimekanyaga juu ya alama za magurudumu, kwa maana ndege ilipokwisha kuondoka, kazi ilikuwa bado.